Kuku Wawili wa Mume Wangu

Sehemu ya Nne

Niliwaacha nimesimama kwenye kizingiti cha chumba cha ndani, taulo begani, nikiutazama mkeka wa wifi yangu umetandikwa ubavuni mwa kitanda cha mama yangu.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaianza hadithi hii leo: mimi ni Phikun, kitinda mimba wa Mama Khamnoi wa Lampang. Miaka kumi na minne niko Norwei nafua mashuka ya hoteli. Nimekuja nyumbani likizo ya wiki tatu, peke yangu. Sanduku langu lilibaki Bangkok siku mbili. Kituoni sikupokewa na Mama, nilipokewa na Wandi, mke aliyeachwa na kaka yangu Inthon. Na nilipopiga magoti kumsalimu Mama, alinishika kichwa akasema, "Wandi, mwanangu, umerudi mapema."

Walisema ni mtoto wa jicho. Mimi nilimjua huyo mtoto wa jicho ni nani.

Sasa, chumba cha ndani kwetu si cha kila mtu. Ndimo ilimo rafu ya mizimu ya ukoo, na mizimu yetu hufuata wanawake, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa binti wa mwisho. Mtu wa nje anaishia kizingitini. Mke wa mwana ni mtu wa nje, hata azae kumi. Akivuka, mizimu imekosewa, na mizimu ikikosewa lazima mtu wa nyumba hiyo augue.

Binti wa mwisho ni mimi. Mkeka ulikuwa wa Wandi.

"Wifi," nikamwambia, "unalala humu?"

"Mama huamka kwenda haja. Asiposhikwa anaanguka."

"Na mimi?"

"Wewe tumekuwekea sebuleni, kuna feni. Si ulisema kwenye simu joto la huku hujalizoea tena?"

Nilisema, ni kweli. Nilisema mwaka jana, nikijidai kidogo. Sikujua maneno yangu yangewekwa akiba.

Nikacheka ili ionekane ni utani. "Kumbe. Wenzako wakiachwa hurudi kwao. Wewe umeachwa ukahamia chumba cha ndani."

Wandi naye akacheka. Akaokota shuka la Mama, akaenda kulifua. Angenijibu ningelala vizuri, lakini hakunijibu, nikakesha nasikiliza feni.

Nikiri tu kwamba nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa mwanamke na mwanaume, huo ningeujulia dawa. Huu ulikuwa kijiba cha roho cha kitoto kabisa, cha kutaka Mama aniite mimi akidondosha kijiko. Akidondosha alimwita Wandi. Akikosa sindano, Wandi. Hata akiwa na jambo la kuchekesha alisubiri Wandi arudi sokoni ndipo alisimulie, na mimi nimekaa hapo hapo, nimevuka nusu ya dunia.

Basi Wandi alipokwenda sokoni siku ya tatu, nilifungua sanduku langu nikatoa chokoleti.

Mama ana sukari. Nilijua. Wandi aliniambia siku ya kwanza na akaniomba zile chokoleti nizigawe kwa majirani.

"Onja moja tu," nikamwambia Mama.

"Wandi atanifokea."

"Wandi hayupo."

Mama akaitia mdomoni, akafumba macho yake mabovu, akatabasamu. "Hii ina njugu ndani."

"Ina njugu, Mama."

"Lete nyingine. Usimwambie."

Ndiyo mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege tukawa na siri yetu wawili, mimi na mama yangu. Nilizificha karatasi chini ya godoro langu la sebuleni. Siku ya nne alikula tatu. Siku ya tano alinifuata mwenyewe, akipapasa ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama zimebaki.

Siku ya sita asubuhi akaanguka penye mtungi wa maji.

Wandi alimfikia kabla yangu. Alimbeba, akamlaza, akamtoboa kidole kwa kile kipimo chake. Namba ikasoma mia tatu na arobaini. Wandi akaitazama namba, kisha akanitazama mimi.

"Mama, umekula nini?"

"Wali," akasema Mama.

"Wali tu?"

"Wali na mboga. Usinihoji kama polisi."

Tukampa dawa na maji, na kufika mchana alikuwa ameketi anachagua mchele. Ningesema hapo hapo ingekwisha. Nilichofanya ni kuvaa ndala, nikaenda kwa Mama Mkubwa Buaphan.

Mama Mkubwa ni dada wa Mama, ana miaka themanini na moja, na ndiye mshika mizimu wa ukoo wetu. Nilimkuta barazani kwake, mguu juu ya mguu, anavuta sigara yake nene ya kusokota.

"Mama Mkubwa, Mama kaanguka."

"Nimesikia. Watu wa sukari huanguka."

"Si sukari. Mizimu imekosewa."

Akatoa moshi. "Umekuwa mganga huko kwenye barafu?"

"Kuna mtu wa nje analala chumba cha ndani. Mkeka nimeuona kwa macho yangu."

Alinitazama muda mrefu, hata nikaanza kuchezea kishikizo cha blauzi.

"Unataka nikishike kijiti?"

"Ndiyo."

"Kijiti nikikishika sikiachi katikati. Nitauliza mpaka mwisho."

"Uliza, Mama Mkubwa. Mimi simwogopi mtu."

"Haya. Kesho, kabla jua halijawa kali. Mwambie Wandi aandae maua."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Wandi aandae maua. Aliuliza ya nini. Nikasema ni ya mizimu, kuna jambo Mama Mkubwa anataka kuliuliza. Hakuuliza tena. Nilimwona anayachuma jioni kule nyuma, meupe na ya manjano, anayapanga kwenye sinia vizuri sana, na nikafurahi kwamba anajipangia mwenyewe.

Asubuhi tukakaa sakafuni mbele ya chumba cha ndani. Mama aliegemea nguzo. Wandi alikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali pa watu wa kuhudumu. Mimi nilioga, nikajipaka poda, nikafunga sketi ya hariri ya marehemu bibi niliyoiomba kwa Mama jana yake. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Nilishapanga hata la kusema Wandi akianza kulia. Ningemwambia hana kosa, hakujua, na kwamba atakaribishwa wakati wowote kama mgeni.

Mama Mkubwa akawasha mishumaa, akamimina pombe ya mchele kwenye kikombe kidogo, akataja majina ya wanawake waliokufa, mmoja mmoja, mpaka wa sita. Kisha akachukua kijiti.

Ni kijiti cha mwanzi kilichokatwa sawasawa na pima yake, kuanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi ncha ya mwingine. Akiuliza jambo, anakipima upya kwa mikono. Vidole vikipita mwisho wa kijiti, mizimu imesema ndiyo. Visipofika, imesema hapana.

"Kuna aliyekosa katika nyumba hii?"

Akanyoosha mikono. Vidole vikapita.

Nilimtazama Wandi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni Wandi?"

Akanyoosha. Vidole havikufika. Vilipungua inchi nne nzima.

Nilidhani sikuona vizuri. "Pima tena, Mama Mkubwa."

Akapima tena. Vikapungua vile vile.

"Labda umekunja kiwiko."

"Kiwiko changu," akasema Mama Mkubwa, "hakijanyooka tangu ile harusi yako ambayo hatukualikwa. Kimepindika hivyo hivyo kwenye swali la kwanza na hukulalamika."

Mama akacheka kwa pua. Damu ikanipanda usoni.

"Lakini analala humo ndani," nikasema. "Mke wa mwana. Tangu lini mke wa mwana analala na mizimu yetu?"

"Tangu miaka minne iliyopita," akasema Mama. "Inthon alipomkimbia, nilimwambia Wandi, mwanamume ndiye aliyeondoka, wewe hukuondoka. Tukachinja kuku wawili. Tukamwingiza."

"Bila kuniambia?"

"Tulikupigia."

"Mimi? Lini?"

"Ulisema uko zamu, tukutumie ujumbe," akasema Mama Mkubwa. "Tukatuma. Picha na maelezo. Jibu lako ninalo hapa."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kufuma, akatoa simu, akainyoosha mbali na macho yake, akavuta juu kwa kidole, akavuta, akavuta, kisha akaniwekea mbele ya pua. Ilikuwa picha ya sinia la maua na kuku wawili waliochemshwa, Wandi amepiga magoti mbele ya kizingiti. Chini yake maneno: *Leo tunamwingiza Wandi awe mtoto wa nyumba. Wewe kama binti wa mwisho, unaridhia?*

Na chini ya maneno, dole gumba langu.

Nalikumbuka lile dole gumba. Nilikuwa kwenye basi, nimechoka, nikaona kuku na maua, nikadhani ni sikukuu.

"Uliridhia," akasema Mama Mkubwa, akairudisha simu mfukoni.

Hapo mtu mwenye akili angesimama akaenda kuosha vyombo. Lakini mwenye wivu akishaanza kuchimba hajui kuacha, na mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Basi ni nani?" nikasema. "Kijiti kimesema kuna mtu kakosa. Ulisema utauliza mpaka mwisho."

"Nilisema."

"Uliza."

Mama akasema taratibu, "Buaphan, acha. Yatosha."

"Mtoto wako kataka. Ni Khamnoi?"

Vidole havikufika.

"Ni Inthon?"

Havikufika. Inthon yuko na mwanamke wake kusini, mizimu ishamwachia huyo mwanamke.

"Ni Phikun?"

Vidole vilipita, tena kwa kiganja kizima. Nilivitazama vile vidole vyeusi vya tumbaku vikining'inia hewani upande wa pili wa mwanzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaogopa mizimu.

"Mume wako," akasema Mama Mkubwa. "Amewahi kuisalimu mizimu?"

Nikavuta pindo la sketi ya bibi.

"Ameleta kuku?"

"Anaogopa kupanda ndege. Mnajua. Hajawahi kufika."

"Miaka kumi na minne umelala na mwanamume ambaye mizimu yako haimjui jina. Umetuma pesa, umetuma feni, umetuma dawa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Wewe ndiye uliyekosa. Wewe ndiye mtu wa nje."

Alisema bila hasira. Ingekuwa na hasira ningeweza kumjibu.

Kisha akatoa hukumu, na hii isikieni vizuri kwa sababu ndiyo iliyonifunga. Mume aje na jozi ya kuku, jogoo na tetea, apige magoti mbele ya kizingiti, atajwe jina. Siku hiyo hiyo mambo yamekwisha. Na kama mwanamke hana mume, hakuna tatizo pia: anachinja kuku wawili mwenyewe, anakaa mahali pale pale, anasema kwa mdomo wake mbele ya watu wa nyumba kwamba hana, na mizimu inampokea kama binti. Mpaka mojawapo litimie, Phikun asivuke kizingiti.

"Maneno mawili tu," akasema Mama Mkubwa, akawasha sigara kwa mshumaa wa mizimu. "Sina mume. Au amlete."

Sasa wasomaji wangu, kuna jambo nimewaficha na ninyi, tangu Sehemu ya Kwanza.

Niliandika kwamba mume wangu, Torstein, alibaki Norwei kwa sababu ya kazi, na nyumbani nikasema anaogopa kupanda ndege. Si kweli. Torstein aliniacha mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, jikoni, akiwa ameshika kikombe. Anaishi ng'ambo ya mji na mwanamke anayefundisha watoto kuogelea. Nimeona gari lao. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani, na kila nilipopiga simu nilisema anawasalimu.

Kwa hiyo yale maneno mawili yalikuwa yangu, na yalikuwa ya kweli. Nilihitaji kufungua mdomo tu.

Ningeyasema mbele ya Mama. Ningeyasema hata mbele ya Mama Mkubwa na moshi wake. Lakini Wandi alikuwa amekaa palepale mlangoni, na juzi tu nilimwambia wanawake wakiachwa hurudi kwao. Niliona nikisema, tutakuwa sawa, mimi na yeye, wanawake wawili walioachwa. Na kati ya hao wawili, yeye ndiye aliye ndani.

"Atakuja lini?" akauliza Mama Mkubwa.

"Alhamisi," nikasema.

Sijui Alhamisi ilitoka wapi.

Mama akageuza uso upande wangu. "Si anaogopa ndege?"

"Amepona."

"Amepona lini?"

"Juzijuzi. Kuna daktari wa mambo hayo."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaniuliza Torstein anakula nini. Nikasema samaki. Akauliza kama anakula pilipili. Nikasema hapana. Akasema basi atamchemshia samaki kwa mchaichai bila pilipili, atampikia mwenyewe. Mama hajapika tangu macho yalipoanza. Mimi mwenyewe hakunipikia, alisema hauoni moto vizuri.

Nilimwonea wivu hata huyo Torstein asiyekuja.

Mama Mkubwa alipokwenda zake, Mama akasema anataka kujinyoosha. Wandi akamshika mkono wakavuka kizingiti. Mimi nikabaki nje. Mama akaomba maji. Nikaenda kuyaleta, nikafika mlangoni, nikasimama. Ikabidi ninyooshe mkono na bilauri hewani, na Wandi aje kuipokea kutoka ndani, kama vile mimi ni muuza maji.

Alasiri nilimkuta jikoni anapepeta mchele wa kunata wa kesho. Nilitaka tugombane. Nilikuwa nimejiandaa.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Na nini?"

"Usijifanye. Umeona nilivyovuliwa nguo pale."

"Kaa, wifi."

"Sikai."

Akaweka ungo chini, akafuta mikono, akachomoa kitu kwenye mkunjo wa kanga yake ya kiunoni. Akakiweka mezani. Zilikuwa karatasi za chokoleti, zimenyooshwa vizuri, moja juu ya nyingine. Kumi na moja.

"Nilikuwa nafagia chini ya godoro lako," akasema.

"Lini?"

"Siku aliyoanguka."

"Kwa hiyo ulijua. Umekaa pale asubuhi yote, nakusingizia, na unajua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama Mkubwa angekupiga na kile kijiti." Akachukua tena ungo. "Na Mama angekosa chokoleti na angekukosa na wewe, siku ile ile. Ila usimpe tena. Akitaka kitu kitamu mpe pera, nusu. Nitakuonyesha."

Mungu aniwie radhi, nilimchukia zaidi. Angenisema mbele ya watu tungekuwa tumelipana. Sasa alikuwa amenifichia, na tena ananifundisha jinsi ya kumlisha mama yangu.

"Usijione mwema sana," nikamwambia. "Mume wangu akija Alhamisi nitavuka, na huo mkeka utautafutia mahali."

Wandi akaacha kupepeta.

"Wifi," akasema, "Torstein alimpigia Mama."

"Alimpigia lini?"

"Mwaka juzi. Novemba, tulikuwa tunavuna. Nilimshikia Mama simu. Alijua yale maneno machache uliyomfundisha. Alisema samahani, Mama. Alisema kwaheri, Mama. Akalia, Mama naye akalia. Walikuwa hawaelewani hata sentensi moja lakini walilia dakika kumi."

Nilikaa.

"Mama anajua?"

"Anajua. Mama Mkubwa anajua. Walinikataza nisikuulize. Mama alisema utakapokuja nyumbani utasema mwenyewe, na ukisema tutakuchinjia kuku uingie ndani ulale." Akaokota kijiwe kwenye mchele. "Ile feni ni kisingizio tu. Godoro lako limo ndani, nyuma ya kabati. Tunalianika juani kila mwezi. Mama hasahau, hata nikisahau mimi."

"Unalianika wewe."

"Nalibeba mimi. Yeye haoni njia."

Kwa miaka miwili nikipiga simu nasema Torstein anawasalimu, na Mama ananijibu, nawe msalimie. Kila mara. Na kila mara Wandi yuko pembeni ameshika simu ili Mama anisikie vizuri.

Sikujua nilie kwa ajili ya lipi. Nililia kwa sababu Mama alikuwa amelia dakika kumi juu ya ndoa yangu, Wandi akimshikia simu, nami sikuwepo.

Tukasikia kuku wanapiga kelele chini ya nyumba yetu ya nguzo.

Wandi akainuka upesi. "Mama kashuka peke yake."

Tulipofika kwenye ngazi, Mama alikuwa anapanda, mkono mmoja kwenye mhimili, mwingine umebana kuku wawili kwa miguu, vichwa chini, mabawa yanampiga mapajani. Manyoya yamemjaa kwenye nywele. Sijui aliwakamataje na macho yale. Wandi akashuka ngazi tatu akamshika kiwiko, wakaja juu pamoja, mpaka mbele yangu.

"Phikun yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

Akapapasa hewani, akanipata bega, akapanda na mkono mpaka shavuni. Nilikuwa nimelowa na nina hakika alihisi.

"Phikun, mwanangu," akasema.

Si Wandi. Phikun. Nilikuwa nimeusubiri mwito huo tangu kituoni, tangu kabla ya kituoni, na sasa ndio huu.

"Nimechagua wazuri. Jogoo ni yule mwekundu, tetea ni bora kuliko wote nilionao. Wafungiwe, wale vizuri mpaka Alhamisi. Ni kuku wa mumeo." Kidole gumba kikapita chini ya jicho langu, polepole. "Au una neno lolote unataka kuniambia kabla sijakupa?"

Alisema kama mtu anayeshikilia mlango kwa mguu ili mwenzake apite.

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili, nayo yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Wandi akayaona. Akaachia kiwiko cha Mama, akarudi nyuma hatua mbili, akageukia ukuta ili tubaki wawili tu. Alijua kabisa cha kufanya, kama kawaida yake. Alijua mama yangu anahitaji nini na mimi nahitaji nini, na akasogea kunipisha kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Nikanyoosha mikono nikawapokea kuku.

"Wazito kweli, Mama," nikasema. "Torstein atafurahi."